Chura wa Korongo la Kihansi

Katika vitabu vya historia aghalabu twasoma habari za wafalme, vita, mikataba na miji mikubwa. Wanyama wadogo hutajwa kwa nadra, na wakitajwa hutajwa kwa ubaya: nzige waliokula mimea, panya walioleta tauni, au mbung'o waliofukuza ng'ombe malishoni. Walakini katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 chura mmoja asiyezidi urefu wa sentimita tatu aliingia katika historia ya Tanzania, na habari zake zikazungumzwa wizarani, katika mabenki ya ng'ambo na katika vyuo vikuu. Chura huyu hakuwa amemdhuru mtu. Alijulikana kwa sababu mbili tu: kwanza, alikaa mahali ambapo watu walitaka kufulia umeme, pili, watu walitambua kwamba yuko pale baada ya kazi kwisha kuanza.

Nia ya insha hii ni kusimulia habari za chura huyo, na kuonyesha jambo moja ambalo habari hizo zafundisha: kwamba mahali panapotakiwa kujengwa kitu kikubwa hapana budi pachunguzwe kwanza, na pachunguzwe pote, kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Jambo hili ni jepesi kusema. Tutaona jinsi lilivyo zito kutenda.

Tuanze na mahali penyewe. Kutoka vilima vya Taita, ndani ya Kenya, kuna mlolongo wa milima ya kale uendao kusini, ukipita Pare, Usambara, Uluguru na kwingineko, mpaka kufika Udzungwa katika Tanzania. Wataalamu huuita mlolongo huo Milima ya Tao la Mashariki. Pepo za Bahari ya Hindi huileta mvua juu ya milima hiyo, na kwa hiyo misitu imeota huko tangu zama za mbali sana, ilhali nchi za chini baina ya mlima na mlima ni kavu. Kila msitu umekuwa kama kisiwa, na nchi kavu iuzungukayo ni kama bahari. Mnyama mdogo wa msituni hawezi kuvuka ukavu ule kwenda kisiwa cha jirani; hukaa kwake, akazaa kwake, na baada ya maelfu ya vizazi akawa hafanani na mwingine duniani. Ndiyo sababu milima hii, ijapokuwa ni midogo katika ramani, ina ndege, vinyonga, vyura na mimea isiyopatikana mahali pengine popote. Vilima vya Taita vina ndege wake, na Usambara ina ua lake ambalo watu wa Ulaya hulipanda madirishani.

Katika milima ya Udzungwa huanzia mto uitwao Kihansi. Mto huu hutiririka juu ya uwanda wa milima, kisha kwa ghafula hufika ukingoni na kujitupa chini kuelekea bonde la Kilombero. Katika safari fupi ya kilomita chache maji yake hushuka kwa kiasi cha mita 850. Mahali hapo mto umekata korongo refu, jembamba, lenye kingo kali, na ndani ya korongo mna maporomoko mengi. Zamani, kabla ya mradi, maji yalipopiga miamba yalivunjika yakawa manyunyu laini, na manyunyu yale yaliangukia majani na kuvu za kijani mchana na usiku, masika na kiangazi, bila kukoma. Jua la Oktoba lilipokausha bonde zima, hapo palikuwa na umande wa daima. Mahali palipopata manyunyu hayo palikuwa padogo mno. Vipande vyote vikijumlishwa havikuzidi sana hekta mbili, yaani kiasi cha viwanja vitatu vya kandanda.

Sasa na tutazame haja ya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa na njaa ya umeme. Sehemu kubwa ya umeme wake ilitoka katika maji, na mvua ziliposhindwa, bwawa la Mtera katika Mto Ruaha Mkuu lilishuka, na watu wa mijini wakapewa umeme kwa zamu. Yeyote aliyepata kuishi katika mji wa namna hiyo ajua maana yake. Kiwanda husimama na vibarua hurudi nyumbani bila ujira. Dawa zinazotaka baridi huharibika. Mwanafunzi husoma kwa kibatari mpaka macho yakawasha. Si haki kuisimulia habari ya Kihansi kana kwamba wajenzi walikuwa maadui wa viumbe. Walikuwa watu waliotumwa kuondoa giza.

Mto ushukao mita 850 katika safari fupi ni hazina kwa mtu atakaye umeme, kwa kuwa maji machache yakianguka kutoka juu sana huzungusha mitambo kama maji mengi yaangukayo kutoka chini. Mpango ulikuwa hivi: kujenga ukuta wa mita 25 juu ya maporomoko, kuyateka maji pale, kuyapitisha ndani ya mlima kwa njia iliyochimbwa chini kwa chini, na kuyashusha mpaka katika chumba kilichochongwa ndani ya mwamba, ambamo mitambo mitatu ingefua megawati 180. Kisha maji yangerudi mtoni, chini ya korongo. Shirika la umeme la Tanzania, yaani TANESCO, ndilo lililokuwa mwenye mradi. Fedha zilitoka katika Benki ya Dunia na kwa wafadhili wa Ulaya, wakiwemo Norway, Sweden na Ujerumani.

Mradi huu ulisifiwa kuwa safi, na sifa hiyo ilikuwa na sababu. Mabwawa mengine ya Afrika yalikuwa yamefunika vijiji na makaburi ya wazee chini ya maji. Bwawa la Kariba, lililojengwa katika Mto Zambezi mwishoni mwa miaka ya 1950, liliwahamisha maelfu na maelfu ya watu. Bwawa la Kihansi lilikuwa dogo sana, na watu wa kuhamishwa walikuwa wachache. Waliopima madhara ya mradi wa maji walikuwa wamezoea kuuliza: ni nchi gani itakayofunikwa na maji? Kwa swali hilo Kihansi ilijibu vizuri. Lakini swali lenyewe lilikuwa nusu. Katika Kihansi hatari haikuwako mahali ambapo maji yangefika. Ilikuwako mahali ambapo maji yangeondoka.

Tathmini ya mwanzo ya athari kwa mazingira ilifanywa mapema, kabla ya ujenzi. Walakini korongo lenyewe halikuchunguzwa ipasavyo. Kingo zake ni kali, mawe yake yateleza, na hapakuwa na njia nzuri ya kushukia. Ni rahisi kuandika katika ripoti kwamba mahali fulani ni msitu wa mtoni na kupita. Hakuna aliyekwenda kulala kando ya maporomoko yale, akasikiliza usiku, akapekua majani yaliyolowa. Wafadhili walipotaka uchunguzi zaidi ufanywe, ulifanywa, lakini kufikia wakati huo ujenzi ulikuwa umekwisha kuanza. Uchunguzi na ujenzi vilikwenda pamoja, kama mtu anayejenga nyumba huku akiuliza kiwanja ni cha nani.

Basi mwaka 1996 wataalamu waliokuwa wakilichunguza korongo waliona katika majani yenye manyunyu chura mdogo wa rangi ya manjano. Hawakuwa wamepata kumwona kabla, wala hakuwamo katika kitabu chochote. Jike lake kubwa kabisa halikufikia sentimita tatu, na dume ni dogo zaidi. Jambo la ajabu ni uzazi wake. Chura tumjuaye hutaga mayai majini, na mayai hutoa viluwiluwi wenye mikia. Chura huyu hatagi. Huzaa watoto waliokamilika, wenye miguu minne, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Duniani aina za chura zinazozaa hivyo ni chache mno. Mwaka 1999 wataalamu wanne, Poynton, Howell, Clarke na Lovett, walimpa jina la kitaalamu, *Nectophrynoides asperginis*. Neno hilo la pili latokana na neno la Kilatini lenye maana ya manyunyu.

Walitafuta katika makorongo mengine na kando ya maporomoko mengine ya milima hiyo, wasimpate. Ikabidi kukubali kwamba dunia nzima ya chura huyu ilikuwa zile hekta mbili. Alikuwako kwa wingi, kwa maelfu, akipanda majani na kuwinda wadudu wadogo, lakini maelfu yote yalikuwa katika uwanja mmoja, yakitegemea kitu kimoja, nacho ni manyunyu. Na manyunyu ndiyo hasa yaliyokuwa karibu kuondolewa.

Hapo ndipo ulipozuka ubishi mkubwa. Fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika. Mlima ulikuwa umetobolewa. Deni lilikuwa limeandikwa, na deni hulipwa hata mitambo isipozunguka. Wengi waliuliza, nao waliuliza kwa haki: je, nchi yenye shule zisizo na taa iache umeme kwa ajili ya chura? Wengine walijibu, nao pia kwa haki: umeme waweza kufuliwa kwa njia nyingine na mahali pengine, lakini chura huyu akiisha kutoweka hakuna kiwanda kitakachomtengeneza tena. Msomaji kijana asikimbilie kucheka upande mmoja. Pande zote mbili zilisema kweli, na huo ndio msiba wa jambo lililochunguzwa kwa kuchelewa: kweli mbili ambazo zingeweza kupatanishwa mapema hugeuka kuwa maadui. Kama chura angejulikana kabla ya michoro kukamilika, ingewezekana kuuliza bila hasira ni maji kiasi gani yaachwe yapite, na mitambo ipangwe kwa kiasi kilichobaki. Baada ya mitambo kununuliwa, kila pipa la maji lililoachiwa chura lilionekana kuwa limeporwa kwa watu.

Mwishoni mwa mwaka 1999 na mwanzoni mwa mwaka 2000 mitambo ilianza kazi, na karibu sehemu tisa kati ya kumi za maji ya mto ziligeuzwa njia. Sauti ya maporomoko ilipungua, na manyunyu yakapungua pamoja nayo. Majani yaliyopenda umajimaji yakanyauka. Magugu na mimea ya nchi kavu ikaingia. Idadi ya vyura ikashuka upesi.

Watu hawakukaa bure. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa, wakapelekwa Marekani kutunzwa katika Bustani ya Wanyama ya Bronx, New York, na baadaye katika bustani nyingine. Kisha yakatandazwa mabomba korongoni, yenye matundu madogo, ya kurusha maji mfano wa manyunyu ya asili. Wengi walistaajabu kusikia kwamba katika korongo la mvua chura alikuwa akinyunyiziwa kama bustani ya mboga. Kiasi fulani cha maji ya mto nacho kiliachwa kipite njia yake ya kale. Mwanzoni tiba hii ilielekea kufaa. Majani yalirudi, na vyura wakaongezeka. Katikati ya mwaka 2003 ilikadiriwa kuwa walikuwako karibu 20,000.

Kisha, katika muda wa majuma machache, wakafa. Kufikia Januari 2004 wachunguzi waliweza kuwaona watatu tu. Wataalamu walitaja sababu zaidi ya moja. Walikuta ugonjwa wa kuvu ushikao ngozi ya vyura, ambao umeua vyura wa aina nyingi katika mabara mengi. Wengine walitaja tope lililofunguliwa kutoka bwawani wakati ule, wengine kukatika kwa manyunyu ya mabomba. Huenda sababu hizo zilisaidiana. Mgonjwa aliyekonda kwa njaa huuawa na homa ambayo mtu mwenye afya huimaliza kitandani kwa siku tatu. Mwaka 2009 Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile, IUCN, ulimwandika chura wa Kihansi kuwa ametoweka katika makazi yake ya asili. Tangu siku alipoonekana na wataalamu mpaka kuandikwa hivyo ilipita miaka 13.

Habari haikukoma hapo. Ng'ambo, wengi wa vyura waliochukuliwa walikufa katika miaka ya kwanza, maana watunzaji hawakujua bado wale nini, wapewe mwanga wa namna gani, wala watibiwe vipi. Walijifunza kwa taabu. Katika bustani za Bronx na Toledo vyura walianza tena kuzaa, wakafika maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kwa ndege mpaka Dar es Salaam, wakawekwa katika nyumba maalumu ya Chuo Kikuu, chini ya uangalizi wa Watanzania waliofundishwa kazi hiyo. Tangu mwaka 2012 baadhi yao walianza kurudishwa korongoni, chini ya mabomba yale yale. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chura aliyeandikwa kuwa ametoweka katika makazi yake kurudishwa huko. Ni ushindi, lakini ni ushindi wa aina ya pekee. Kiumbe aliyekuwa akijitunza bila gharama kwa zama zisizohesabika sasa ni kiumbe anayehitaji bomba, fundi, maabara na bajeti ya kila mwaka.

Pengine msomaji atadhani kwamba kuchelewa huku ni aibu ya nchi maskini peke yake. Sivyo. Na tuvuke bahari mpaka jimbo la Tennessee, Marekani, ambako jambo la mfano huo lilitokea miaka zaidi ya 20 kabla ya Kihansi. Huko shirika la serikali lilianza mwaka 1967 kujenga bwawa la Tellico katika Mto Little Tennessee. Mwaka 1973, kazi ikiwa imekwenda mbali, mtaalamu mmoja wa samaki, David Etnier, aligundua mtoni samaki mdogo, urefu wake hauzidi kidole, asiyejulikana kabla. Mwisho wa mwaka huo huo Marekani ilitunga sheria ya kuwalinda viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Mwaka 1975 samaki huyo aliingizwa katika ulinzi wa sheria, na mwaka 1978 Mahakama Kuu ya nchi ilitoa hukumu kwamba bwawa, ijapokuwa lilikaribia kwisha, lisimame. Mwaka 1979 Bunge la nchi hiyo liliupa mradi ruhusa ya pekee, milango ya bwawa ikafungwa, na mto ukawa ziwa. Wapenzi wa samaki walishindwa baada ya kushinda. Wajenzi nao walipoteza miaka na fedha mahakamani. Baadaye samaki yule alikutwa katika mito mingine, na wengine walikuwa wamehamishiwa mito jirani, hata mwaka 2022 akaondolewa katika orodha ya walio hatarini.

Tazama jinsi visa hivi viwili vinavyosema neno moja kwa sauti mbili. Katika Tennessee watu waligombana miaka mingi juu ya samaki ambaye, kama wangemtafuta vema mapema, wangemwona mahali pengine pia, na hasira nyingi zingeepukwa. Katika Kihansi watu waliona pakavu ambapo, kama wangetafuta vema mapema, wangejua kwamba hapana mahali pengine. Uchunguzi wa mapema haumpendelei chura wala haumpendelei mjenzi. Huwapa wote wawili kweli wakati ambapo kweli bado yafaa kitu.

Basi uchunguzi ulio mwema ni upi? Yafaa vijana waujue, kwa kuwa si kazi ya uchawi, wala haitaki kwanza mashine za thamani kubwa. Hutaka maswali yaliyo sawa na miguu isiyochoka.

Swali la kwanza ni: nani anakaa hapa? Halijibiwi kwa matembezi ya siku moja. Kuna viumbe waonekanao usiku tu, na wengine waimbao wakati wa masika tu, na mimea isiyotambulikana mpaka itoe maua. Mchunguzi hukata vijia vilivyonyooka na kuhesabu avionavyo kulia na kushoto. Hupima miraba ya ardhi na kupekua kila jani lililomo. Husikiliza sauti, hutazama nyayo na mavi. Na tena huwauliza wenyeji, maana mwinda nyuki na mchunga mbuzi wajua mengi yasiyoandikwa. Na akikosa kuona, haandiki upesi kwamba hakuna. Kutoonekana si kutokuwapo.

Swali la pili ni: huyo akaaye hapa anaishi kwa nini? Makazi ya kiumbe si kiwanja tu. Korongo la Kihansi halikuchimbwa wala kufyekwa. Miamba yake ilibaki pale pale. Kilichoondolewa ni manyunyu, na kwa chura manyunyu ndiyo yaliyokuwa nyumba. Vivyo hivyo ndege aweza kukaa katika msitu mzima lakini akategemea miti mikongwe yenye mashimo peke yake. Msitu ukibaki na miti hiyo ikiondoka, yeye amekwisha kufukuzwa.

Swali la tatu ni: mradi utaleta nini, na utaondoa nini, na mpaka wapi? Hapa ndipo wa kwanza walipokosea Kihansi, kwa kutazama maji yajayo na kusahau maji yaondokayo. Na swali la nne ni: je, yuko mahali pengine? Jibu la swali hili ndilo lipimalo uzito wa jambo zima. Ukiharibu makazi mamoja kati ya mia, umefanya hasara. Ukiharibu mamoja kati ya moja, umefunga mlango wa kaburi.

Baada ya majibu ndipo mpango hutengenezwa, kwa taratibu ambayo haifai kugeuzwa. Kwanza, paepukwe pale penye thamani, ikiwezekana. Pili, madhara yasiyoepukika yapunguzwe. Tatu, kilichoharibika kitengenezwe. Mwisho kabisa, kilichopotea kifidiwe mahali pengine. Katika Kihansi watu walilazimika kuanzia katikati ya orodha, na kwa sababu hiyo walilipa zaidi.

Katika Kenya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 iliamuru miradi mikubwa ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza. Tanzania nayo ilitunga sheria yake ya mazingira mwaka 2004. Mfano mmoja wa Kenya waonyesha faida ya kuuliza mapema. Huko Kipeto, katika Kajiado, palikusudiwa kujengwa mitambo 60 ya kufua umeme kwa upepo, ya megawati 100. Uchunguzi ulionyesha kuwa tumbusi wa aina mbili zilizo katika hatari kubwa ya kutoweka hupita katika anga hiyo. Tumbusi hutazama chini akitafuta mzoga, wala haangalii panga la mtambo lililo mbele yake. Kwa hiyo ulitengenezwa mpango wa kuwalinda. Vijana wenyeji walifundishwa kuwatambua ndege kwa mbali, wakawekwa kulinda zamu mchana kutwa, na tumbusi akikaribia hupeleka habari, mtambo ukasimamishwa mpaka apite. Mitambo hiyo ilianza kutoa umeme kwa taifa mwaka 2021. Siwezi kuahidi kwamba hakuna ndege atakayeumia, kwa maana hakuna kazi ya binadamu isiyo na kasoro. Lakini taa zawaka, na macho yapo angani.

Ndugu msomaji, huenda wewe usomaye insha hii leo darasani ndiwe utakayetumwa kesho kupima njia ya barabara, reli, bwawa au kiwanda. Utapewa muda mfupi, na mkubwa wako atataka ripoti. Utafika mahali penye korongo lenye utelezi, jua litakuwa limekwisha kuinama, na moyo utakuambia kwamba chini huko hapana kitu cha haja. Hapo ukumbuke zile hekta mbili. Hakuna aliyekusudia kumwua chura wa Kihansi. Hakukuwa na mwovu katika kisa hiki, bali watu wema waliokuwa na haja ya kweli na swali lililopungua nusu. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Nasi twaweza kumpunguzia safari kwa kushuka korongoni kwanza, na taa mkononi, na kusikiliza usiku mmoja kabla ya kuandika kwamba hapana mtu.